Siku ya Sahani Huko Ndumbwela

Siku ya Sahani wanawake wa Ndumbwela walioga mapema, wakajipaka mafuta, wakavaa vitenge ambavyo mwaka mzima hulala sandukuni, kisha wakajitwika vumbi. Ndiyo, vumbi. Kila mmoja alibeba kichwani sahani ya bati iliyojaa vumbi la nyumbani kwake, limejazwa mpaka likafurika, likasawazishwa kwa mgongo wa kijiko likang'aa kama ugali wa harusi. Wenye mkono mwepesi walilichora maua kwa ncha ya sindano. Njia nzima walikuwa wakitazamana sahani. Mwenye sahani ya mlima alitembea polepole ili aonwe vizuri, na mwenye sahani ya chini chini alipita nyuma ya nyumba za watu.

Lilikuwa vumbi la jiko la jiwe. Ndumbwela iko juu sana, ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda, na tangu kuni zipigwe marufuku na mkaa kubaki wa kusimuliwa, kila nyumba ilinunua jiwe. Ni la kijivu, ukubwa wa mkate, limekaa ndani ya sanduku la udongo wa kuchoma. Linatoa joto saa zote. Halizimwi, halichochewi, halina moshi. Ubaya wake ni mmoja: linamomonyoka. Linapukutisha vumbi laini kuliko unga wa muhogo, linatua kwenye shuka, kwenye sufuria, kwenye kope za mtoto. Basi wakubwa wa mji wakasema kila nyumba ilete vumbi lake mara moja kwa mwaka lipimwe mionzi. Wakasema lije kidogo, la kupaka tu kwenye sahani. Kidogo! Umwambie mwanamke wa Ndumbwela apeleke kitu kidogo mbele za watu! Aonekane bahili? Aonekane jiko lake ni la kubabaisha? Wakajaza. Na kwa kuwa kila aliyejaza alipewa utepe wa kijani, mwaka uliofuata wakajaza zaidi.

Subilaga, mke wa Lusajo, alikuwa ndani ya Nyumba ya Vipimo na koti lake jeupe, anawatazama dirishani. Alikuwa amerudi kutoka vyuo vya mji wa chini na kupewa kazi ya upimaji juzijuzi tu, na hii ndiyo Siku ya Sahani yake ya kwanza kukaa upande wa mashine. Aliwaona kama watu waliovaa nguo za sikukuu kwenda kumwaga takataka. Alicheka kimoyomoyo. Bado hakuwa na sababu ya kuogopa.

"Mpimaji, acha kuota," alisema Bwana Ambakisye, mkuu wa nyumba ile. Alikuwa mtu wa tumbo na tai, zamani kiongozi wa kwaya, na mpaka leo alitangaza vipimo kwa sauti ya besi kama anayeanzisha pambio. "Mama mkwe wako huyo anaingia. Mpishe kwa heshima."

Bi Tusekile hakuingia, alitokea. Watu walifungua njia wenyewe. Sahani yake ilikuwa imejaa mpaka vumbi limesimama kama kichuguu, juu limepakwa nta ya nyuki lisipeperuke, na pembeni amelichora kuku na vifaranga vyake. Wanawake wakaguna kwa wivu.

"Haya, msomi," alimwambia mkwewe, akiitua sahani mezani. "Pima. Usiniharibie kuku wangu."

"Mama, ilitakiwa kidogo tu."

"Kidogo wapeleke kwenu. Mimi nina jiko la watu wazima."

Kicheko kikapita ukumbini. Subilaga akaisukuma sahani chini ya jicho la mashine. Jicho lilikuwa kidude cha duara, hakizidi kifuniko cha chupa, na kazi yake ilikuwa kuhesabu chembe za mionzi zinazoruka kutoka kwenye vumbi na kusoma kila moja imefika na nguvu kiasi gani. Kwenye kioo pembeni ilijichora picha. Kengele ya juu ililia mara moja, kwa upole.

"Kijaniii!" aliimba Bwana Ambakisye.

Vigelegele. Bi Tusekile akazunguka mara moja papo hapo ili kila mtu aone utepe kifuani. Subilaga hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama kioo. Vyuoni walifundishwa kwamba vumbi la jiwe hujichora kama mwiba: umesimama wima, mwembamba, una ncha. Huu haukuwa mwiba. Ulikuwa mteremko, kama kilima kilichokatwa na mvua kikaporomoka.

Akadhani mashine imechoka. Zikaja sahani nyingine, mlima baada ya mlima, na zote zilichora mteremko uleule, na zote zilikuwa kijani.

Karibu na mwisho akaingia Atuganile. Huyu aliishi chumba kimoja karibu na machinjio, na jiko lake lilikuwa na kipande tu cha jiwe, kilichovunjika kwa mtu mwingine wakamuuzia. Mgongoni alibeba mtoto wa kiume mnene, amelala. Sahani yake haikuwa na mlima. Vumbi lilikuwa limepakwa tu chini, unaona bati likichungulia.

"Eeh, shoga, umetuletea sahani chafu au umetuletea vumbi?" mmoja akauliza.

"Labda amelila njiani."

Atuganile akacheka nao, maana angefanyaje. Subilaga akaiweka sahani chini ya jicho. Kengele haikulia kwa upole. Ilipiga kelele kama nguruwe anayechinjwa, haikukoma mpaka Bwana Ambakisye alipoipiga kofi. Na pale kwenye kioo, umesimama wima, mwembamba, una ncha, ulikuwepo mwiba.

"Nyekundu," alisema Bwana Ambakisye, na safari hii hakuimba.

Kila mtu alijua nyekundu ni nini. Jiko linang'olewa, nyumba inafungwa, na mtoto wa nyumba hiyo anachukuliwa na gari la Bondeni kwenda kambini kusafishwa. Huko mama haruhusiwi. Anakwenda siku za kutembelea, anasimama nyuma ya kioo, anapunga mkono. Waliowahi kurudi walirudi wakimwita mama yao shangazi.

Atuganile alikaa chini palepale. Wanawake wenye tepe za kijani wakavuta vitenge vyao visimguse.

"Uchafu una mwisho wake," alisema Bi Tusekile, na utepe wake ukiwa kifuani.

*

Watu walipotawanyika, Subilaga alibaki na sahani mbili. Kitu kimoja kilikuwa kikimkera kama punje kwenye jino. Mawe yote ya Ndumbwela yalichimbwa shimo moja. Itawezekanaje kipande kiwe kibaya na jiwe zima liwe zuri?

Akachukua chembe ya vumbi la mama mkwe, kiasi cha kushika kwa ncha ya kisu, akamharibu kuku kichwa. Akalitia kwenye asidi mpaka likayeyuka. Akadondosha tone moja juu ya kisahani cha chuma kisichoshika kutu, akakianika juu ya moto mdogo mpaka tone likakauka na kubaki doa, jembamba kama pumzi kwenye kioo. Akakiingiza kwenye chumba kidogo cha mashine, akafyonza hewa yote, maana hata hewa ni mzigo kwa chembe hizi. Akawasha.

Kengele ikapiga yowe. Mwiba ukapanda mpaka ukagonga ukingo wa juu wa kioo, ukakosa pa kwenda.

Hapo akaelewa. Chembe ya mionzi ya jiwe lile ni nzito, inatoka na nguvu nyingi lakini haifiki mbali. Kila punje inayoipita inaiibia nguvu kidogo. Mfano wake ni mtu anayetoka katikati ya soko lililofurika: anasukumana na huyu, anavutwa kanzu na yule, mpaka afike getini amechoka, hata jina lake hajui. Aliyekuwa getini tangu mwanzo anatoka mzima. Vumbi likiwa jembamba, kila chembe iko getini, jicho linaiona na nguvu zake zote, na huo ndio mwiba. Vumbi likiwa mlima, za juu tu ndizo zinatoka, za katikati zinatoka zimechoka, na za chini hazitoki kabisa. Ndiyo maana ya mteremko, na kengele ilifundishwa kuulilia mwiba tu. Ukipaka na nta juu, umefunga geti.

Kwa hiyo sahani ya fahari haikuwa imepimwa. Ilikuwa imezikwa. Na mbele ya jicho lile mji mzima ulikuwa umejizika hai, ukajipigia na vigelegele.

"Umemkata kuku wa watu kichwa," sauti ya besi ikasema nyuma yake.

Subilaga hakugeuka. "Mkuu, njoo uone hii."

"Nimeshaiona. Niliiona kabla wewe hujajua kufuta kamasi."

Sasa akageuka. Bwana Ambakisye alikuwa akilegeza tai, ametulia kama mtu aliyetoka kula.

"Unajua?"

"Binti, unadhani nilipewa ofisi hii kwa kuimba tu? Najua. Vumbi likiwa jingi linajilalia lenyewe. Sasa?"

"Sasa? Watu wanavuta hili vumbi! Linaingia kifuani, linakwenda kukaa kwenye mifupa, na huko ndani hakuna mlima wa kulizuia! Wazee wa hapa wanavunjika nyonga kwa kujikwaa kwenye mkeka, na watu wanasema ni ukoo. Watoto..."

"Watoto wana nywele za hariri," alisema Bwana Ambakisye.

Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Ndumbwela. Watoto wake walikuwa na nywele nyepesi, laini, chache, na mama zao walizisifu: mtoto wa jiko kubwa huyo, tazama hariri. Subilaga aliwahi kuzisifu pia, za mwanawe mwenyewe.

"Nikusaidie kufikiri," mkuu akaendelea. "Tukipaka sahani zote nyembamba, ni nyumba gani itabaki kijani? Hakuna. Bondeni kuna vitanda vya kuhesabika. Tutawalaza wapi watoto wa mji mzima? Na jiwe likitoka, baridi hii watashinda nayo vipi? Unayo kuni wewe? Mimi nawapa watu utepe, wanalala na amani."

"Na Atuganile je?"

"Kila mwaka anapatikana mmoja asiyejaza. Inasaidia watu waamini mashine." Akasema hivyo bila haya, kama anayeeleza namna ya kupika chai. Kisha akapunguza sauti. "Wewe una mtoto mchanga. Mhamishe taratibu akalale mbali na jiko. Sema ana kikohozi. Mlinde wako, uvae koti lako, mwezi ukiisha ule mshahara. Nani atakuuliza?"

Subilaga alimdharau wakati ule kuliko alivyowahi kumdharau mtu yeyote. Alidharau tai yake, besi yake, namna alivyosimama mlangoni bila hata jasho. Lakini alikunja kile kisahani kwenye kitambaa akakitia mfukoni, na njiani kwenda nyumbani alikuwa akiwaza: kikohozi. Nitasema ana kikohozi.

*

Jua lilikuwa halijazama bado. Nyumbani kwa Bi Tusekile jiko lilikuwa kubwa kuliko meza, na kwa mbele, kwenye kitako chake, palichongwa kitanda cha mtoto. Ndipo watoto wa nyumba ile walipolazwa tangu kutoka kitovu mpaka kuota meno. Lugano, binti wa Subilaga, alikuwa amelala hapo uchi, amenona, ana jasho puani.

Subilaga akamwinua. Kwenye mto zilibaki nywele. Hazikuwa moja mbili. Ulibaki mviringo mzima, umbo la kichwa.

"Unamwamshia nini?" Bi Tusekile aliuliza kutoka kwenye kigoda, anachambua maharage. Utepe bado ulikuwa kifuani.

"Ana kikohozi, mama. Atalala chumbani kwetu."

"Mwenye kikohozi ndiye anawekwa jikoni. Hilo nalo hamkufundishwa?"

"Atalala kwetu."

"Hee!" Bi Tusekile akaweka ungo chini. "Lusajo! Njoo umsikilize mkeo. Anataka kumgandisha mtoto."

Lusajo akatokea mlangoni na mswaki mdomoni. Alikuwa mwanamume wa kupendeza, mpole, na katika nyumba ile alikuwa na uzito wa pazia.

"Jamani," alisema. "Mama. Mama Lugano. Basi."

"Basi nini?" mkewe akamgeukia. Uongo wa kikohozi ulishamkaa kooni vibaya, akautema. "Jiko hili ni jekundu, Lusajo. Nimelipima leo. Ni baya kuliko la Atuganile, mara nyingi. Ile sahani ya mama ilijazwa mno, mionzi ikafia ndani, mashine haikuona kitu. Hizi nywele hazijakuwa laini. Zinang'oka."

Bi Tusekile akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa akikisubiri.

"Nilijua. Siku uliyoletwa hapa nilimwambia marehemu baba yake Lusajo: huyu amesoma mpaka amesahau kuinama. Leo amekuja kunipangia jiko. Lusajo mwenyewe alilala hapo, hakufa. Ndugu zake wamelala hapo."

"Ndugu zake watatu wako wapi, mama?"

Swali lile lilimtoka kabla hajalipima. Bi Tusekile akanyanyuka. Aliokuwa akiulizwa walikuwa wamezikwa nyuma ya nyumba, wote wadogo, na watu walisema ni damu ya ukoo.

"Umeshika makaburi yangu," alisema polepole. "Haya. Kama unayosema ni kweli, mbona unaninong'onezea humu ndani? Una kengele, una tepe. Kesho asubuhi gari la Bondeni linakuja. Simama mbele za watu uifunge utepe mwekundu nyumba hii. Umtoe mwanao kwa mikono yako, umpandishe garini. Ukiweza hilo nitajua ni kweli. Ukishindwa, rudisha mtoto jikoni na ufunge mdomo."

Na papo hapo akamchukua Lugano mikononi mwa mama yake, akamlaza tena kwenye kitako cha jiko. Mtoto akajinyoosha kwa raha.

Subilaga alimtazama mumewe. Lusajo akasema povu limemjaa mdomoni, akatoka kwenda kusukutua.

Aende wapi? Kwa wazazi wake kulikuwa na jiko. Kwa dada yake kulikuwa na jiko, tena jipya. Nyanda zote za juu zilikuwa zimeota moto uleule. Pasipo na jiwe palikuwa mahali pamoja tu, napo ni Bondeni, nyuma ya kioo, kwa mikono ya wageni. Alikaa chini kando ya jiko, akaweka kiganja juu ya kifua cha binti yake. Joto lilikuwa tamu. Hiyo ndiyo ilimuudhi kuliko yote, kwamba lilikuwa tamu.

*

Asubuhi watu walikuja mbele ya Nyumba ya Vipimo kumsindikiza mtoto wa Atuganile, maana kwao hiyo nayo ilikuwa shughuli. Walikuja na tepe zao kifuani. Kabla ya gari kufika, desturi iliruhusu kupimwa mara ya pili kwa anayelalamika, na haikuwa imetumiwa na mtu kwa sababu ilikuwa aibu.

Subilaga aliibeba mashine mwenyewe mpaka kibarazani, akaiweka kwenye meza ya tepe.

"Mpimaji," alisema Bwana Ambakisye kwa meno, akitabasamu kwa watu. "Rudisha hicho ndani."

"Kuna nyumba inalalamika," alijibu kwa sauti. "Yangu."

Minong'ono. Bi Tusekile alikuwa mbele, kitenge kipya, mkononi sahani yake ya jana aliyokuwa ameifuata ndani. Pembeni Lusajo alimshika Lugano ndani ya shali.

Subilaga akatoa kisahani kwenye kitambaa. "Hili ni vumbi la sahani ya mama mkwe wangu. Ni lile lile. Nimelipaka jembamba kama tulivyoagizwa tangu mwanzo." Akaliweka chini ya jicho. Yowe la kengele likawafanya watu warudi nyuma, mbwa akakimbia.

"Mama, sogea," akasema. "Chukua vumbi lako, mwagia juu ya hiki kisahani."

Bi Tusekile alisita, lakini watu walikuwa wanatazama, naye hakuwa mtu wa kuogopa kutazamwa. Akachota, akanyunyiza. Yowe likapungua. Akaongeza. Likawa mlio wa mbu. Akamwaga kiganja kizima, na kengele ikalia mara moja, kwa upole. Kijani.

"Mmeona?" Subilaga aliwauliza. "Sumu haijapungua, imeongezeka! Ila mmeifunika. Jicho linaona ngozi ya juu tu. Kila mwaka mnakuja hapa kufunika, na mnarudi kuwalaza watoto juu yake. Hakuna jiko safi hapa. Hata moja. La Atuganile limekamatwa kwa sababu hakuwa na vumbi la kufunikia!"

Aliziona nyuso zao zikibadilika, moja baada ya nyingine, akaona kitu kinaingia humo, na moyo wake, mjinga ule, ukafurahi. Wameelewa, aliwaza. Hatimaye wameelewa.

Walikuwa wameelewa kweli.

"Kumbe," alisema Atuganile. Alikuwa amesimama sasa, mtoto kifuani. "Kumbe nilitakiwa kujaza tu?"

"Si hivyo," Subilaga akasema. "Atuganile, si..."

"Jamani, nani ana vumbi limebaki?" Atuganile aliwageukia wenzake, machozi yakimtiririka. "Nisaidieni jamani, gari linakuja!"

Na wale waliovuta vitenge jana wakakimbia. Usiseme wanawake wa Ndumbwela hawana huruma. Walirudi na ndoo, na vikombe, na madebe. Mmoja alichota kwa upindo wa gauni. Sahani ya Atuganile ikajazwa, ikafurika, ikapigwa mgongo wa kijiko. Mtu akaleta nta. Mwingine, kwa mapenzi tu, akachora ua. Vumbi lilipaa juu ya uwanja mzima kama ukungu mwingine, na watoto walikuwa wakicheka na kupiga chafya ndani yake.

"Mpimaji, pima," alisema Bwana Ambakisye. Sasa tabasamu lake lilikuwa la kweli.

"Sipimi."

"Nitapima mwenyewe." Akaisukuma. Kengele ikalia mara moja, kwa upole. "Kijaniii!"

Vigelegele vilivyopigwa pale havikuwahi kupigwa Ndumbwela. Atuganile akaanguka mbele ya Subilaga, akamshika miguu. "Mungu akubariki, dada. Umeniokolea mwanangu. Bila wewe nisingejua." Akainuka, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka akikimbia kwenda kumlaza jikoni, maana baridi ilikuwa imempata.

Gari la Bondeni lilikuwa linapanda mlima; injini yake ilisikika ikikohoa kwenye kona.

"Bado nyumba moja," alisema Bwana Ambakisye. "Ile inayolalamika." Alikuwa mtu mwema siku hiyo, ushindi ulikuwa umemlainisha. "Kile kisahani chako kilishafunikwa, binti. Tuseme basi. Kijani."

Bi Tusekile akamsogelea mkwewe. Uso wake haukuwa na dharau, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa ameogopa. Alikuwa ameona kengele ikinyamaza chini ya kiganja chake mwenyewe, naye hakuwa mjinga, na makaburi nyuma ya nyumba yalikuwa yake.

"Jaza," alinong'ona, akimsukumia sahani. "Jaza, mwanangu. Tutajua wenyewe cha kufanya nyumbani. Usimpeleke kule. Jaza."

Mwanangu. Hakuwahi kumwita hivyo tangu alipoletwa.

Subilaga akamtazama Lusajo. Akafunua shali. Lugano alimcheka mama yake kwa ufizi mtupu, na kwenye sufu ya shali, pale kichwa kilipoegemea, nywele zilikuwa zimenata kama manyoya ya kifaranga.

Aliitoa sahani mkononi mwa mama mkwe wake, akaipindua. Kuku, vifaranga, nta, vyote vikamwagika kibarazani. Akakiokota kitambaa chake, akakifuta kile kisahani mpaka doa likabaki peke yake, akakirudisha chini ya jicho. Kengele ikapiga yowe juu ya uwanja wote. Wanawake wakaziba masikio, wakamtukana, wakamwita mchawi na mwendawazimu na mama asiye na tumbo. Akauchukua utepe mwekundu mezani, akaufunga kwenye mkono wa mwanawe, fundo moja, halikubana.

Gari likasimama. Dereva akashuka, kijana mwenye kofia mbili kichwani, akafungua mlango wa nyuma. Ndani kulikuwa na vitanda vidogo safu kwa safu, vyeupe, vitupu.

"Wangapi hapa?" aliuliza.

"Mmoja," Bwana Ambakisye akasema.

Dereva akachungulia uwanja ule wenye vumbi, akawaona watu na tepe zao, watoto na vichwa vyao vinavyong'aa. "Mji mzima?"

"Mji mzima."

Subilaga alikuwa ameshapanda hatua ya gari, anamlaza binti yake kwenye kitanda cha kwanza, anamfunika miguu kwa sababu chuma kilikuwa cha baridi. Hakulia. Alimwambia mtoto jina lake, kisha akamwambia jina la mama yake, akarudia, akarudia tena, mpaka dereva akamgusa bega kwa adabu ashuke.

"Sisi huko kwingine tunajaza gari," dereva aliwaambia watu, akibana mlango. "Hongereni sana. Mji safi huu."

Na wanawake wa Ndumbwela, kwa kuwa walikuwa wamepongezwa, wakapiga vigelegele.